Je, Kuifunika Kutu kwa Rangi ni Kusema Uongo?

Liko swali moja ambalo wenye magari hukutana nalo kila mwaka, wala hawadhani kwamba ni swali la dhamiri, maana hulichukua kuwa jambo la gereji tu. Gari limezeeka, na bati lake limeanza kuliwa na kutu. Fundi amelikwangua kwa msasa, akaziba matundu kwa puti, akapaka rangi, nalo likang'aa. Masika yakaja, kutu ikatokea tena mahali pale pale. Mwenyewe akalirudisha kwa fundi mara ya pili na mara ya tatu. Mwisho amechoka, naye ataka kuliuza. Na kabla ya kuliuza alipaka rangi tena. Je, mtu huyu amefanya haki, au amefanya hila? Kinywa chake hakikutamka neno lo lote lisilo kweli. Na tulitafakari swali hili taratibu, maana si jepesi kama lionekanavyo.

Kwanza yatupasa kuijua kutu yenyewe. Chuma chatoka katika mawe ya ardhini, ambamo kimeungana na hewa ile tuivutayo, yaani oksijeni. Watu hukitenga kwa moto mkali, lakini chuma hakiisahau asili yake. Kikipata maji na hewa pamoja, hurudi kidogo kidogo kuwa udongo mwekundu kama kilivyokuwa. Alumini nayo hushikwa na hewa, lakini ngozi inayojifanya juu yake hushikamana imara, ikaikinga alumini iliyo chini. Kutu ya chuma sivyo. Hiyo ni laini yenye vitundu vingi, hunyonya maji na kuyaweka kama sifongo. Tena hujaa nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo kwanza, kwa hiyo huvimba na kuinua rangi iliyo juu yake. Ndiyo maana twaona malengelenge katika rangi ya gari kabla hatujaona tundu. Lengelenge lile si mwanzo wa ugonjwa; ni habari ya ugonjwa uliokwisha kukaa ndani siku nyingi.

Jambo jingine ni la ajabu zaidi, wala wengi hawalijui. Pale penye tope lililoganda, au chini ya ukingo wa rangi iliyoachana na bati, hewa hufika kidogo tu, na mtu angedhani kwamba chuma cha pale kimesalimika. Kumbe ndipo kinapoliwa zaidi, maana sehemu ipatayo hewa na sehemu isiyoipata hushindana, na ile iliyofichwa ndiyo inayoyeyuka. Chumvi ikiwapo katika maji hayo, kazi huenda mbio.

Sasa fikirini hali ya Uwanda wa Makonde. Newala iko juu, kwenye ukingo wa uwanda, hata mtu akisimama penye Shimo la Mungu hulitazama bonde la Ruvuma chini yake, na ng'ambo yake Msumbiji. Masasi iko chini ya uwanda, kati ya vilima vya mawe. Huko juu hakuna mito. Mchanga huyanywa maji ya mvua yote, na tangu zamani watu wameyapata maji kwa taabu, kwa kuteremka mabondeni au kuyakinga mapaani. Kwa hiyo gari la Newala halioshwi kwa maji mengi, nalo tope jekundu la masika hukaa ndani ya madagadi na katika mikunjo ya bati hadi masika mengine. Majani ya mkorosho huanguka chini ya kioo cha mbele, huziba vijia vya maji, yakaoza humo. Gari dogo la mizigo hubeba mapipa ya maji yanayomwagika kila linaporuka shimo. Siku nyingine hushuka Mtwara, likarudi na samaki wa chumvi wanaodondosha maji yao sakafuni njia nzima. Mwenyewe husema, Bahari iko mbali, gari langu halitapata kutu ya pwani. Lakini pwani ameileta mwenyewe ndani ya vikapu.

Mabati ya nyumba zetu hukaa miaka mingi bila rangi, na mtu aweza kuuliza sababu. Yamepakwa zinki, nayo zinki hukubali kuliwa kwanza badala ya chuma. Magari mengi ya zamani hayakupata ulinzi huo kama inavyopasa. Kinga yao ni rangi peke yake, na rangi ikipasuka kwa jiwe moja la barabarani, kinga imekwisha mahali pale.

Basi fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kukwangua juu juu, kukandika puti, kusugua kwa msasa, na kupaka rangi. Kazi hii huisha kwa siku moja au mbili, na macho hufurahi. Lakini kutu iliyobaki katika vishimo vidogo vya chuma haikufa. Puti yenyewe hunyonya unyevu, na upande wa ndani wa bati, ambao haukuguswa, waendelea kuliwa. Njia ya pili ni kukata bati lote lililooza mpaka kufikia chuma cheupe, kuchomelea kipande kipya, kupaka rangi ya kwanza yenye zinki, kisha rangi ya juu. Na hata hapo kazi haijatimia, maana moto wa kuchomelea umeunguza rangi ya upande wa nyuma, ndani ya uwazi usioonekana. Fundi asipomimina nta au mafuta mazito humo ndani, na kuvizibua vitundu vya kutolea maji, kutu itaanza upya pembeni mwa kiungo chake kizuri. Wengine hupaka oili chafu chini ya gari. Husaidia kidogo kuzuia maji, lakini huharibu mipira na kudondoka ardhini, mimi siisifu.

Kutu hii ya kurudi si habari mpya. Wanaosoma kitabu cha Ezekieli wanalijua lile sufuria la sura ya 24, lililowekwa tupu juu ya makaa mpaka shaba yake ikawaka, na bado kutu yake haikutoka. Naye Yakobo, katika waraka wake, neno la Kiyunani analolitumia kwa kutu ya dhahabu na fedha ni lile lile alilolitumia kwa sumu ya ulimi. Lakini tusikimbilie kuifanya kila kutu kuwa mfano wa roho. Leo twanena habari za kutu ya bati, na za watu wawili, muuzaji na mnunuzi.

Na tuseme mtu mmoja wa Newala ana gari la namna hiyo. Mwezi wa kumi na moja wakulima wameanza kupokea fedha za korosho, na huo ndio wakati wa kuuza. Nchi ingali kavu, puti haijalowa, rangi ni mpya. Anakuja mtu wa Masasi, aliyeweka akiba misimu mitatu, ataka gari la kuchukulia abiria na mizigo kati ya Masasi na Newala. Alizunguka gari, akagonga mlango kwa kiganja, akauliza, "Kaka, bodi yake ni nzima?" Yule akajibu, "Si unaliona mwenyewe, ndugu yangu?" Wakapatana bei. Mwezi wa pili, mvua ikiwa imenyesha wiki nyingi, malengelenge yakatokea, na puti ikabanduka kama ganda.

Mabishano juu ya biashara ya namna hii ni ya kale kuliko magari. Cicero, yule Mrumi, katika kitabu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, asimulia jinsi wanafalsafa wawili wa Kiyunani, Diogenes wa Babeli na Antipater wa Tarso, walivyotofautiana. Mtu auza nyumba. Yeye peke yake ajua kwamba mbao zake ni mbovu na kwamba vyumba vyake vyote vina nyoka. Anyamaza, akauza. Diogenes alisema kwamba mtu huyo hakumlazimisha mtu kununua, na kunyamaza si kuficha. Mnunuzi ana akili zake. Antipater alisema kwamba huyo ni mbaya kuliko mtu anayekataa kumwonyesha njia aliyepotea, kwa maana yeye humwacha mwenziwe apotee huku akijua. Cicero aliungana na Antipater.

Mimi nami naungana naye. Lakini naona ya kuwa gari letu ni kesi nzito kuliko nyumba ile. Muuza nyumba alinyamaza tu. Hakuwafungia nyoka sandukuni siku ya kuonyesha nyumba. Mwenye gari alifanya kazi kwa mikono, au alimlipa mtu aifanye, na kazi hiyo haikuwa na kusudi jingine ila kwamba jicho la mnunuzi lipite bila kusimama. Diogenes mwenyewe, mwenye kuutetea ukimya, asingeweza kuutetea mkono huu. Maneno si njia pekee ya kusema. Katika nchi ya Wamakonde, ambao uchongaji wao wa mpingo umejulikana duniani, kila mtu ajua kwamba mti mweupe ukipakwa rangi ya viatu na kuwekwa kimya kando ya mipingo, umekwisha kusema, "Mimi ni mpingo."

Labda mtu ataniambia, "Mwandishi, umepita kiasi. Kila auzaye kitu hukisafisha kwanza. Hata mama auzaye nyanya huzifuta vumbi na kuweka nzuri juu. Je, tuyauze magari yetu na tope lake?" Neno hili lina haki ndani yake. Kuosha si kudanganya, wala kupaka rangi gari lililopauka si kudanganya, maana mnunuzi ajua kwamba rangi ni nguo, na nguo mpya haimaanishi mwili mpya. Tofauti iko wapi basi? Mimi naona kipimo hiki. Mnunuzi akija na fundi wake, na fundi akatoa bisibisi na kuinama penye kizingiti cha mlango ili apachomechome, muuzaji aangalie moyo wake mwenyewe. Kama ametulia, rangi yake ilikuwa nguo tu. Kama ametamani kumwita yule fundi aje aone injini jinsi inavyolia vizuri, rangi ile ilikuwa neno, na neno lenyewe lilikuwa uongo.

Mwingine atasema kwamba mnunuzi ana macho, naye aweza kuja na sumaku, kwa kuwa sumaku haishiki penye puti. Ni kweli, na mnunuzi mwenye busara na aje nayo. Na ainue zulia, apapase ndani ya madagadi, agonge na kusikiliza, maana bati zima hulia na puti hunyamaza. Lakini uzembe wa mmoja hauifanyi hila ya mwingine kuwa haki. Mlango ulioachwa wazi haumpi mwizi ruhusa. Na wenye macho makali pia hupofuka, hasa wakiwa na haraka. Mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipouanza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, jirani ya Masasi, matrekta mapya hayakupatikana ya kutosha baada ya vita. Yakanunuliwa yaliyokwisha kutumika, mengine katika mabaki ya jeshi la Marekani kule Filipino. Mengi yakafika yamechoka, yakaharibika upesi, na mafundi wakashindwa kuyahudumia. Mpango wenyewe uliachwa mwaka 1951, kwa sababu nyingi zaidi ya hiyo. Ikiwa serikali yenye wahandisi na hazina ilinunua chuma kilichochoka, tumwambieje mkulima mwenye akiba ya misimu mitatu kwamba makosa yalikuwa ya macho yake?

Hata hivyo kutu si zote sawa, na hapa ndipo napenda tukae zaidi. Iko kutu ya ngozi, na iko kutu ya mifupa. Tundu katika dagadi ni aibu, tena huingiza vumbi, lakini halimwui mtu. Kutu katika chasisi, pale panapofungwa springi, au katika sakafu inayoshika viti na mikanda, hiyo yabeba uhai wa watu. Daraja lililoitwa Silver, juu ya mto Ohio kule Marekani, lilianguka jioni ya tarehe 15 Desemba 1967, magari yakiwa juu yake, nao watu 46 wakafa. Wachunguzi walikuta ya kwamba ufa mdogo katika kiungo kimoja tu cha mnyororo wake ulikuwa umelishwa na kutu na mizigo ya miaka, tena mahali ambapo hapakuweza kuonekana bila kukifungua kiungo chenyewe. Huko hakuna aliyepaka rangi ili aufiche, ulijificha wenyewe. Basi aliye na habari ya ufa wa namna hiyo, akaufunika kwa puti na rangi nyeusi, halafu akalitoa gari lipandishe watu kutoka Masasi hadi Newala, amelichukua juu yake jambo kubwa kuliko bei ya gari.

Na fundi je? Husema, "Mimi naagizwa, mwenye gari ndiye anayelipa, naye ndiye ajuaye aliuza kwa maneno gani." Kwa kutu ya ngozi nakubali, mradi amemwambia mwenye gari wazi kwamba kazi hii ni ya msimu mmoja. Fundi hawezi kumfuata kila mteja mpaka sokoni. Lakini kwa kutu ya mifupa sikubali hata kidogo. Mkono uliokandika puti juu ya tundu la chasisi ulijua unachokifanya, na abiria hatauliza ni nani aliyetoa agizo. Fundi na akatae. Na akikosa ujira wa siku hiyo, amekosa kweli, wala sisemi kwamba ni kitu kidogo kwa mwenye watoto.

Hapo twafika kwenye neno zito kuliko yote, nalo ni umaskini. Ni rahisi kwangu kuandika kwamba bati likatwe lichomelewe, na nta imiminwe ndani. Gharama ya kazi hiyo mara nyingi yaweza kupita fedha alizo nazo mtu katika mwezi wa tano, wakati korosho hazijachanua. Puti ni rahisi, na gari ndilo linalolipa ada ya shule. Je, mtu huyo akipiga puti kila mwaka ametenda dhambi? La. Kujisitiri kwa kadiri ya uwezo si hila. Anaweza kuifunika kutu kwa puti akijua ni kutu, kama mtu afungavyo kitambaa juu ya kidonda akijua ni kidonda. Hatari yake ni nyingine, kwamba rangi humdanganya mwenyewe kwanza. Alipoliona tundu kila asubuhi alikumbuka kupunguza mzigo. Sasa halioni, akapakia magunia kumi kama zamani. Kwa hiyo afanye alama katika daftari lake, aandike ni wapi palipozibwa na lini, ili rangi isimfute kumbukumbu. Na daftari hilo, siku ya kuuza, litakuwa ushahidi wake.

Wako pia wanaokata tamaa, wakisema, Kutu yarudi kila mwaka, ya nini kujisumbua? Daraja la Forth kule Scotland, lililokamilika mwaka 1890, lilipata sifa ya kwamba wapaka rangi wake hawamalizi kamwe. Wafikapo mwisho huanza tena. Watu waliifanya mithali ya kazi ya bure. Lakini daraja lasimama hata leo, na treni zapita. Kisha mwaka 2011 walimaliza kulikwangua mpaka chuma chenyewe na kulipaka rangi ya namna mpya, inayotazamiwa kudumu zaidi ya miaka 20. Hata hiyo ina mwisho. Kutunza chuma ni kazi isiyo na siku ya kushinda, lakini tofauti ya daraja lililotunzwa na lililoachwa huonekana na kila mtu.

Lakini uko pia wakati wa kuacha, na mafundi wa bodi waujua vizuri kuliko sisi. Si pale kutu inaporudi. Ni pale kipande kipya kikiletwa, hakuna chuma kizima pembeni cha kukichomelea. Moto ukigusa, ukingo wa zamani hukimbia kama karatasi. Gari la namna hiyo lisiuzwe kama gari. Liuzwe injini yake, na gia, na milango iliyobaki mizima, kila kitu kwa jina lake, na bati liende kwa wanunua chuma chakavu.

Turudi kwa muuzaji wetu wa Newala, ambaye gari lake halijafika huko. Swali lile la mtu wa Masasi lingaliweza kujibiwa hivi: "Hapana, kaka. Kizingiti cha kushoto kimezibwa kwa puti mwaka jana, na dagadi la nyuma mara mbili. Chasisi ni nzima. Lala chini uitazame." Mnunuzi angalilala chini, angalitazama, angaliomba apunguziwe. Huenda bei ingalishuka kiasi cha kumwuma muuzaji, hata akalazimika kulipa ada ya mtoto mmoja kwanza na ya mwingine baadaye. Na fedha ile iliyopunguzwa ingalikwenda Masasi mfukoni mwa mnunuzi, kisha kwa fundi, mwezi ule ule wa kumi na moja, kabla ya mvua, bati lingali kavu na chuma kilichobaki kingali kinashika moto.